Wimbo wa Kihaya katika Vazi Jipya

(Mazungumzo kwa wananchi wa Maruku, Bukoba, juu ya muziki na wasikilizaji wake)



Muziki mpya ukitoka, wasikilizaji hugawanyika. Jambo hili si geni, wala halikuanza na vijana wa siku hizi. Mwaka 1965, huko Newport nchini Marekani, mwimbaji Bob Dylan alipanda jukwaani na gitaa la umeme mbele ya watu waliozoea kumsikia na gitaa la kawaida. Baadhi yao walimshangilia, na baadhi wakamzomea. Lakini hapana haja ya kwenda mbali hivyo. Mgawanyiko unaostahili kuzungumzwa hapa Maruku ulihusu wimbo uliotoka katika ardhi hii hii ya Bukoba.

Saida Karoli, mpiga ngoma na mwimbaji mzaliwa wa Bukoba, alijulikana nchini kote mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa albamu yake iliyoitwa Maria Salome. Ajabu ya albamu hiyo ni kwamba sehemu kubwa ya maneno yake ilikuwa Kihaya. Hata hivyo kaseti zake zilipigwa katika mabasi, harusini na majumbani mwa watu wasiojua Kihaya hata kidogo. Wengi hawakulishika jina la wimbo wenyewe. Waliuita kwa maneno machache ya Kiswahili yaliyomo ndani yake, kwa kuwa hayo ndiyo waliyoyaelewa. Mengine yote waliyapokea kwa masikio na kwa miguu.

Miaka mingi ikapita, na sauti ya Saida Karoli ikawa haisikiki sana. Mwezi Septemba 2016, Diamond Platnumz na Rayvanny wakatoa wimbo ulioitwa Salome, uliojengwa juu ya ule wa zamani. Ulikuwa mwezi mgumu kwa watu wa Kagera, maana tarehe 10 Septemba tetemeko la ardhi lilikuwa limeua watu na kubomoa nyumba nyingi. Katika siku hizo za majonzi, mlio wa muziki wa Kihaya ukasikika upya katika redio za nchi nzima, ukiwa umevishwa vyombo vya kisasa na maneno mapya ya Kiswahili.

Hapo ndipo wasikilizaji walipogawanyika, na yafaa hoja za kila upande zipimwe kwa haki.

Wa kwanza ni wale waliofurahi. Walisema kwamba wimbo usioimbwa hufa, na kwamba kijana aliyezaliwa mwaka 2001 asingemjua kamwe Saida Karoli kama asingeletewa kwa muziki anaoupenda. Hoja hii ina uzito, na historia ya muziki wa Tanzania inaiunga mkono. Bendi ya DDC Mlimani Park, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1978, iliuita mtindo wake Sikinde, jina lililotokana na ngoma ya Wazaramo. Hakuna aliyedai kwamba Wazaramo waliporwa ngoma yao. Kinyume chake, jina hilo lilienea mpaka kwa watu wasiopata kuiona ngoma yenyewe. Ngoma za jadi zimekuwa kisima cha muziki wa dansi tangu zamani, na kisima huchotwa.

Wa pili ni wale waliosikitika. Kwao, wimbo ulirudi nyumbani bila maneno yake. Mdundo ulibaki na sauti ikabaki, lakini usemi wa Kihaya ukapunguzwa, na mahali pake yakawekwa maneno ya mapenzi ya waziwazi ambayo mzee hawezi kuyasikiliza pamoja na mkwewe. Ni rahisi kuwacheka watu hawa na kuwaita washamba. Lakini anayewacheka hajui maneno yana cheo gani katika muziki wa Wahaya.

Chombo chenye heshima kuliko vyote katika muziki huo ni enanga, kipande cha mti kilichochongwa na kuwambwa nyuzi. Mpiga enanga hakuwa mchezeshaji tu. Aliketi, akasimulia habari za watawala na mashujaa kwa muda mrefu, na waliomzunguka walimfuata neno kwa neno. Profesa M. M. Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alizichunguza tungo hizo, na katika makala yake ya mwaka 1983 aliwapima watungaji wake kwa kipimo kile kile wanachopimiwa watungaji wa tendi wa mataifa mengine. Kwa msikilizaji aliyelelewa katika mapokeo hayo, muziki ni maneno kwanza, na mlio ni kipando chake. Akiletewa kipando bila mpandaji, ana haki ya kuuliza mpandaji ameachwa wapi.

Kwa hiyo pande hizi mbili zilibishana, lakini kwa kweli hazikusikia kitu kimoja. Asiyejua Kihaya hakupoteza chochote mwaka 2016, maana hata kaseti ya kwanza aliisikiliza kwa mlio tu. Ajuaye Kihaya alipoteza nusu ya wimbo. Tofauti yao haikuwa ya ujana na uzee peke yake, kama ilivyodhaniwa. Ilikuwa tofauti ya kuelewa na kutoelewa lugha.

Wakulima wa Maruku wanaweza kulifahamu jambo hili kwa urahisi kuliko watu wengine. Kituo cha utafiti wa kilimo kilichopo hapa kimeshughulika na migomba kwa miaka mingi. Tangu miaka ya 1990, migomba ya aina za FHIA, iliyozalishwa Honduras, ilisambazwa katika Mkoa wa Kagera kwa sababu ilistahimili maradhi na kuzaa mikungu mikubwa. Wakulima waliipokea, lakini walipoionja katika chungu wakaona kwamba si sawa na ndizi za kupika za mababu. Mwenye busara hakuing'oa ile mipya, wala hakuing'oa ile ya kale. Aliipanda yote katika kibanja chake, kila mmoja kwa kazi yake. Mgomba mpya haukosi thamani kwa kuwa mgeni; kosa ni kuung'oa wa kale kabla ya kujua nini kitakosekana mezani.

Lipo kundi la tatu la wasikilizaji, nalo ndilo lililouliza swali zito kuliko yote: je, mwenye wimbo amepata nini? Swali hili halitegemei ladha ya mtu. Mtu anaweza kuupenda wimbo mpya au kuuchukia, lakini haki ya mtunzi haiongezeki wala haipungui kwa sababu hiyo.

Afrika ina mafunzo machungu katika jambo hili. Solomon Linda wa Afrika Kusini alirekodi wimbo wake Mbube mwaka 1939. Wimbo huo ulichukuliwa Marekani, ukaimbwa kwa majina mengine, ukawaingizia wengine fedha nyingi, na mwaka 1994 ukasikika katika filamu ya The Lion King. Linda mwenyewe alikwisha kufa maskini mwaka 1962. Binti zake walisubiri mpaka mwaka 2006 ndipo shauri lao likamalizwa kwa mapatano. Hapa Afrika Mashariki, wimbo Malaika umeimbwa duniani kote. Fadhili William wa Kenya aliurekodi, Miriam Makeba akaueneza, lakini wapo wanaosema kwamba mtunzi wake ni Adam Salim, na ubishi huo haujazimika.

Tanzania inayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ambayo ndiyo msingi wa COSOTA. Sheria hiyo inamlinda mtunzi, na sanaa za jadi nazo zimewekewa sehemu yake. Lakini sheria peke yake haimlindi msanii wa kijijini asiyeijua, asiyesoma mkataba kabla ya kuutia sahihi, na asiyeweka kumbukumbu za kazi zake. Msanii wa namna hiyo hujikuta anashangiliwa na taifa zima huku chungu chake kikiwa kitupu.

Mwaka 2017 Saida Karoli alirudi na wimbo wake mpya, Orugambo, neno la Kihaya lenye maana ya uvumi. Baada ya miaka ya watu kunong'ona juu yake, jina hilo lilisema mengi. Kwa wale waliotaka vijana waachiwe nafasi ya kuufufua muziki wa zamani, hii ni hoja nzuri: mlango uliofunguliwa na Salome ulimkuta mwenye nyumba bado yu hai na ana la kusema. Kwa wale waliolilia lugha, ni hoja nzuri pia, maana alirudi na jina la Kihaya, wala hakuona haya.

Mafunzo ya jambo hili ni mawili. La kwanza linawahusu vijana wenye studio na kompyuta. Kuchota katika ngoma za wazee si dhambi, lakini kisima kina wenyewe. Mwenye wimbo aombwe ruhusa, jina lake litajwe, na malipo yake yaandikwe kabla wimbo haujapelekwa redioni.

La pili linawahusu wazee na wazazi wa Maruku, Bukoba na Muleba. Kulalamika kwamba maneno yamepotea hakutoshi ikiwa watoto nyumbani hawafundishwi maneno hayo. Kijana hawezi kuhifadhi fumbo asilolielewa, wala hawezi kujifunza enanga kwa mtu ambaye hakukaa naye. Wapiga enanga waliobaki ni wazee, na kila anayezikwa bila mwanafunzi huondoka na tungo zake. Simu iliyomo mfukoni mwa kila kijana inaweza kuhifadhi sauti ya mzee jioni moja tu, pamoja na jina lake, kijiji chake na maana ya anayoyaimba. Kazi hiyo haihitaji fedha za mfadhili. Ikifanywa sasa, kijana atakayetaka kuvisha tena wimbo wa Kihaya vazi jipya atakuwa na maneno ya kuchagua, na msikilizaji atakayemsifu au kumlaumu atakuwa anajua anachokisema.