Herufi SSB kwenye Redio ya Mawimbi Mafupi



Mtu hununua redio ya mawimbi mafupi ili asikilize mazungumzo ya vyombo vya baharini, kisha akasikia mkwaruzo mfano wa bata aliyekabwa koo. Hudhani ameuziwa redio mbovu. Kumbe redio ni nzima, ila haikuundwa kwa kazi hiyo.

Stesheni ya kawaida hurusha wimbi la kubebea sauti pamoja na kanda mbili za pembeni, wa juu na wa chini, zenye maneno yale yale. Wimbi la kubebea humeza si chini ya theluthi mbili ya nguvu ya mtambo, ilhali halina neno hata moja. Katika mawasiliano ya SSB, wimbi hilo huondolewa pamoja na ukanda mmoja. Ukanda unaobaki huhitaji takribani kilohezi 3 tu, hivyo nguvu ndogo hufika mbali. Lakini redio inayopokea yapaswa kulitengeneza upya, ndani yake, wimbi lililoondolewa. Isipoweza, hata antena ndefu haitaisaidia.

Kabla ya kulipa, basi, tazameni mambo matatu. Kwanza, redio iwe na kitufe kilichoandikwa SSB, au LSB na USB kwa pamoja. Pili, herufi USB zikiwa peke yake kando ya tundu, hapo ni mahali pa kuchomeka flashi. Hazihusiani kabisa na ukanda wa juu. Tatu, masafa yaweze kusogezwa kwa hatua zilizo chini ya kilohezi 1, kwani kupotoka kidogo tu huharibu sauti ya msemaji. Mwombeni muuzaji awaruhusu kuijaribu nje ya jengo. Mkisikiliza mabaharia, chagueni ukanda wa juu.

Neno la mwisho ni kwa wavuvi na manahodha. Masafa ya kilohezi 4125 na 8291 yametengwa kimataifa kwa wito wa dharura baharini. Redio ya kupokea itawawezesha kuusikia wito huo, lakini haiwezi kuupeleka wa kwenu. Anayekwenda bahari kuu na redio hiyo peke yake amechukua masikio na kuuacha mdomo pwani. Chombo cha kurushia sauti huhitaji leseni; kiombeeni mapema, kabla ya kung'oa nanga.