Majivuno hapendi mtu ajitetee

 Machefu wa vijiji, mama na baba, tukae leo kama kwenye barza, tusikie hadithi moja.

Mwaka 1951 Shaaban Robert, mwandishi wa pande za Tanga, alitoa kitabu kiitwacho Kusadikika. Ni nchi ya kubuniwa, iliyo angani. Waziri wake anaitwa Majivuno, na kweli anajivuna. Kijana mmoja, Karama, ameanza kufundisha watu sheria, ili anayeshitakiwa ajue namna ya kujitetea. Majivuno anakasirika. Anamshitaki Karama kuwa ni adui wa nchi.

Jiulize wewe unayesikiliza: kwa nini mkubwa kama huyo aogope somo? Kwa sababu nguvu zake zinadumu tu wakati mwingine hapati nafasi ya kusema.

Sisi wa Ituri tumekwisha kumwona Majivuno katika maisha yetu. Mwishoni mwa mwaka 2002, wenye silaha walishambulia eneo letu la Mambasa, na shambulio lao liliitwa « Effacer le tableau », yaani kufuta ubao. Ubao hufutwa chaki. Hapa waliofutwa walikuwa watu. Waliopona walikimbia hadi Eringeti na Beni, na wengi wenu mnakumbuka njia hiyo.

Lakini Majivuno hahitaji bunduki. Yuko kwenye chemchemi, anaposema: « Sisi ndio wenye udongo, hawa waliokuja ni wezi. » Yuko pia kati ya wahami, anaposema: « Wenyeji hawa wote ni wabaya. » Yuko kwa mkubwa anayeandika majina ya ndugu zake mbele kwenye orodha ya msaada, kisha anamfokea mjane anayeuliza. Na sisi tunaopiga makofi, au tunaonyamaza, ndio tunaomnenepesha.

Sasa sikieni jinsi hadithi inavyoishia. Baraza lilikubali kumsikiliza Karama kwa siku sita. Kila siku alieleza habari za mjumbe mmoja aliyetumwa kutafuta mema ya nchi, na aliporudi akatiwa gerezani. Mwishowe Karama aliachiliwa, na wale wajumbe sita pia. Hakuna aliyepigwa. Watu walikubali kusikiliza, basi.

Kwa hiyo, wakubwa, nawaomba mambo matatu. Mhami akishitakiwa wizi, asipigwe wala kufukuzwa kabla hajasema mbele ya watu, kwa lugha anayoielewa. Anayeshitaki asiwe ndiye anayekata neno. Na orodha ya msaada isomwe kwa sauti, wahami na wenyeji wote wawepo, mwanamke mmoja awe kati ya wanaoiandika.

Nanyi familia, neno baya likifika mlangoni, ulizeni kwanza: « Na yeye mwenyewe amesemaje? » Ulizo hilo ni dogo, lakini limezuia moto mwingi.

Jioni hii ongeeni nyumbani: katika kijiji chetu, ni nani ambaye hatujamsikiliza bado? Kesho mwendeeni.

Wazee walisema, mpanda ngazi hushuka. Tusingoje Majivuno ashuke peke yake, huku watu wanaumia.

Kwaherini, mbaki na amani.