Zawadi ya Kiwanja: Ni Nani Apangaye Kiwango cha Kodi?
Mazungumzo kwa wananchi katika mkutano wa kata



Mzazi amgawiapo mwanawe kiwanja, wengi huamini kuwa palipo zawadi hapana kodi. Imani hiyo hudumu hadi siku ya kubadilisha jina kwenye hati. Msajili wa Hati hasajili uhamisho bila uthibitisho wa Mamlaka ya Mapato kwamba kodi imelipwa. Ndipo baadhi ya familia huiacha hati katika jina la mzee hadi afariki, na ugomvi wa ndugu ukaanzia hapo.

Tanzania haina sheria ya pekee ya kodi ya zawadi. Inayohusika ni Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, ambayo humhesabu mtoaji kana kwamba amepokea thamani ya soko ya mali aliyoitoa, hata kama hakupokea senti. Ongezeko juu ya gharama zake hutozwa asilimia 10 kwa mkazi wa nchini.

Kiwango hicho hakipangwi na kata, halmashauri, wala ofisa aliye dirishani. Ibara ya 138 ya Katiba inakataza kutoza kodi yoyote isipokuwa kwa sheria iliyotungwa na Bunge. Kila Juni Serikali hupeleka bungeni Muswada wa Sheria ya Fedha. Hapo ndipo viwango hubadilishwa, na mabadiliko kwa kawaida huanza tarehe 1 Julai. Basi anayeahidi "kuteremsha asilimia" kwa malipo ya pembeni anauza asichokuwa nacho.

Kinachoweza kubishaniwa kwa haki ni hesabu inayotozwa hiyo asilimia. Thamani hukadiriwa na mthamini aliyesajiliwa na kuidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali. Gharama huthibitishwa kwa nyaraka, na hapa ndipo wengi huumia. Tuseme baba anampa binti yake kiwanja chenye fremu za maduka, thamani yake shilingi milioni 50, naye ana mkataba wa ununuzi na risiti za ujenzi za milioni 44. Ongezeko ni milioni 6, kodi 600,000. Asiye na nyaraka hutozwa asilimia 3 ya thamani yote: shilingi 1,500,000. Risiti za saruji na mabati, ambazo aghalabu huishia kuwashia jiko, zingeokoa laki tisa.

Shamba lenye thamani isiyofika milioni 10, lililolimwa kwa angalau miaka 2 kati ya 3 iliyotangulia, halimo katika kodi hii. Nyumba ambayo mtu ameimiliki na kuishi humo miaka 3 au zaidi nayo husamehewa, ongezeko lisipozidi milioni 15. Ushuru wa stempu huhesabiwa peke yake.

Mzazi anayekusudia kugawa mali angali hai aanze kwa kukusanya karatasi zake, kisha amwone mthamini, ndipo aende Mamlaka ya Mapato.