Matembezi ya Kando ya Maji

Leo twapenda kuzungumza nanyi habari za kutembea kwa miguu kando ya maji: ufukoni mwa bahari, ukingoni mwa mto, na pwani ya ziwa. Hatusemi habari za mwendo wa kwenda shambani au sokoni, maana huo kila mtu aujua. Twasema habari za matembezi ya kuiona nchi yetu, kunyosha viungo na kuburudisha moyo.

Wengi hudhani kwamba matembezi ya namna hii ni ya vijana wenye nguvu tu. Basi siku ya kutembea ifikapo, bibi huachwa barazani, mtoto achechemeaye huambiwa alinde nyumba, na asiyeona huambiwa, "Wewe utasimuliwa." Jambo hilo si haki, wala halina sababu ya kutosha. Mlima Kilimanjaro una kimo cha mita 5,895, na kweli si kila mtu awezaye kuupanda. Lakini maji tabia yake ni kutafuta usawa, na mara nyingi njia iliyo kando yake nayo huwa tambarare. Hapo ndipo mahali pa watu wote.

Tena tukumbuke kwamba hata wasafiri wenye sifa kubwa hawakuwa wazima siku zote. Mwaka 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, walianza safari yao ya bara kutoka Kaole, karibu na Bagamoyo. Walipofika Ziwa Tanganyika mwezi wa Februari 1858, Burton alikuwa mgonjwa wa kuchukuliwa na wapagazi, na Speke alikuwa na maradhi ya macho hata hakuweza kuliona ziwa sawasawa. Vitabu vyasema kwamba wamefika. Wala havisemi kwamba hawakustahili kwenda. Waliowafikisha ni watu wa nchi hii, waliokubali kwenda kwa mwendo wa wagonjwa.

Basi hii ndiyo kanuni ya kwanza, nayo yazipita zote: mwendo wa aliye dhaifu ndio mwendo wa wote. Tazameni ifanyikavyo kwa desturi. Wenye nguvu hutangulia, kisha hukaa kivulini wakiwangoja wenzao. Wa nyuma wafikapo wakihema, wale wa mbele husimama na kusema, "Haya, twende." Hivyo mwenye nguvu amepumzika, na mchovu hakupumzika hata kidogo. Dawa yake ni nyepesi. Aliye dhaifu awekwe mbele, ashike mwendo apendao. Naye mwenye nguvu kuliko wote awe wa mwisho, achukue maji ya kunywa na mzigo. Kila baada ya nusu saa wote wakae pamoja, na wa kwanza kuinuka awe yule dhaifu. Wazee wetu walisema kweli: mwenda pole hajikwai.

Sasa tuanze na bahari. Mfano mwema ni mwendo wa kutoka Bagamoyo kwenda Kaole, kadiri ya kilomita 5 kuelekea kusini. Huko yako magofu ya misikiti na makaburi yenye nguzo ya Waswahili wa kale, na karibu yake msitu wa mikoko. Mtu aweza kwenda kwa ufuko, na akichoka aweza kurudi kwa njia ya bara kwa bajaji. Neno hili lina maana kubwa: safari ya watu wote sharti iwe na mahali pa kukomea bila aibu.

Mchanga wa juu, ulio mkavu, huzamisha miguu na kuchosha upesi. Mchanga ulioachwa na maji muda si mrefu huwa mgumu, kwa maana unyevu huzishikanisha punje zake; huo ndio wafaa kwa mzee, na kwa kiti cha magurudumu pia. Mwenye fimbo aifunge nchani kipande cha raba kipana ili isizame. Asiyeona ashike kiwiko cha mwenzake, na sauti ya mawimbi itamjulisha siku zote bahari iko upande gani.

Lakini bahari ina saa zake, wala haimngoji mtu. Hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi. Kwa hiyo kila siku huchelewa kadiri ya dakika 50. Mwezi uandamapo, na tena uwapo mpevu, huja bamvua, nayo maji hujaa sana na kupwa sana. Katika pwani yetu tofauti yake yaweza kupita mita 3. Siku hizo maji hupwa yapata saa nne asubuhi, na kujaa yapata saa kumi alasiri. Tangu kupwa hata kujaa ni saa sita na kidogo, walakini maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza huingia kidogo tu, na mtu hudhani kwamba ana nafasi tele. Katika saa ya tatu na ya nne huingia kwa kasi, kiasi cha nusu ya maji yote. Aliyevuka hori kwa miguu asubuhi akachelewa upande wa pili, atalikuta limekuwa bahari. Wa kwanza kupatikana na hatari hiyo ni yule aendaye polepole. Basi tuondoke maji yakiwa bado yapwa, tuwaulize wavuvi kabla ya kuondoka, na tugeuke mara maji yaanzapo kurudi.

Tuje kwenye mto. Mji wa Pangani u juu ya ukingo wa kaskazini wa mto wa jina hilo, karibu na mlango wake, na ng'ambo yake ni Bweni. Iko njia tambarare kando ya maji mbele ya majumba ya kale. Hata mtoto mdogo aweza kuipita na kutazama vyombo. Mto wenyewe hupata maji yake kutoka Kilimanjaro na Meru. Kwa sababu hiyo jua laweza kuwaka Pangani, na huku mto wajaa kwa mvua iliyonyesha mbali. Wakati wa masika tusisimame juu ya ukingo wenyewe, maana maji huula kwa chini na juu ukaonekana mzima. Na katika mito yetu yenye mamba na viboko, tukae mbali na maji, tusitembee alfajiri wala magharibi, wala tusisimame kati ya kiboko na mto wake. Mwenye mbio huenda akaokoka. Asiye na mbio hana ila busara ya wenziwe.

Mwisho ni ziwa. Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi, nalo ni la nchi tatu: Tanzania, Uganda na Kenya. Speke, pamoja na Sidi Mubarak Bombay, alifika Mwanza kwa miguu mwaka huo huo wa 1858. Ziwa halina kujaa na kupwa kwa kila siku kama bahari, lakini hupanda kwa miaka: mwaka 2020 lilipanda sana hata likafunika nyumba na njia nyingi za pwani. Kwa hiyo njia ya mwaka jana ikaguliwe kwanza. Tena maji ya ziwa yaliyotulia penye majani huwa na konokono wa kichocho, na vijidudu vyake hupenya ngozi ya mtu aingiaye majini. Tutembee kando, tusioge humo. Na aliyekojoa damu aende zahanati, maana dawa yake ipo.

Liko jambo moja zaidi la kukumbuka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufuko wa bahari au ziwa, na ukingo wa mto, na pia zile ziwezazo kuharibu mazingira ya mahali hapo. Sehemu hiyo ikihifadhiwa, udongo hukaa, miti hukua, na watu hupata kuyaona maji yao. Ikizibwa kwa kuta, mwenye nguvu atazunguka. Mzee na kiwete watarudi nyumbani.

Basi, wasikilizaji, na hasa ninyi wanafunzi, twawapa kazi. Jumamosi ijayo chagueni mwendo wa kilomita 1 tu kando ya maji yaliyo karibu nanyi. Mwende kwanza watu wazima wawili kuukagua: kivuli kiko wapi, pa kukaa ni wapi, hatari ni ipi. Kisha mwendeeni yule ambaye hajaalikwa hata siku moja. Msimwambie, "Tutakungoja." Mwambieni, "Wewe utangulie." Nanyi mkifika mtaona kwamba mmeona mambo mengi kuliko siku zile mlipokwenda mbio.