Nafuu ya Kiwanja Imfikie Anayejenga

(Mada iliyowasilishwa na Afisa Habari wa Halmashauri katika mkutano wa wakazi wa kata)



Nimeombwa nieleze jambo lililoulizwa mara nyingi tangu wapima ardhi waonekane katika kata yetu: Halmashauri inapouza viwanja kwa bei nafuu, nafuu hiyo inatoka wapi, na inamfikia nani?

Chanzo chake si fumbo. Kupitia programu ya Kupanga, Kupima na Kumilikisha, Serikali hukopesha halmashauri fedha bila riba kwa ajili ya kupanga na kupima maeneo. Viwanja vikiuzwa, mkopo hurejeshwa ili halmashauri nyingine ikope. Kwa kuwa hakuna riba ya benki wala cha juu cha dalali, bei inaweza kuwa chini ya ile ya sokoni. Tofauti hiyo ni fedha ya umma, ijapokuwa hakuna anayeiona ikihesabiwa mezani.

Mfano tunao. Mwaka 2002 Serikali ilianzisha Dar es Salaam mradi wa viwanja 20,000, kwa mkopo wa Hazina wa takribani shilingi bilioni 8.9. Maeneo kama Bunju, Mbweni, Kibada, Tuangoma na Buyuni yalipimwa. Kwa hesabu za fedha mradi ulifaulu: viwanja vilizidi lengo, na mkopo ukarejeshwa. Lakini malipo yalidaiwa kwa muda mfupi, na mtu wa kudunduliza hawezi mwendo huo. Walioweza ni wenye akiba. Viwanja vingi vikabaki vichaka kwa miaka, vingine vikauzwa tena kwa bei ya juu zaidi. Maji na barabara navyo vilichelewa; aliyejenga mapema akajikuta peke yake katikati ya pori lenye mawe ya mipaka. Na wengi waliokuwa na mashamba pale waliilalamikia fidia.

Hapo ndipo penye uzito. Nafuu isiyo na sharti humzawadia anayesubiri bei ipande. Tazameni hata kodi: anayejenga nyumba ya kawaida na kuvuta umeme hukatwa kodi ya majengo ya shilingi 1,500 kila mwezi kupitia LUKU, yaani 18,000 kwa mwaka. Aliyeacha kiwanja kitupu hadaiwi kodi hiyo. Anadaiwa pango la ardhi tu, ambalo jirani yake aliyejenga naye analipa. (Sisemi kodi ya majengo ifutwe, ndiyo sehemu ya fedha za huduma.)

Dawa imo katika masharti ya umilikaji wenyewe. Hati humtaka mmiliki aendeleze kiwanja, kwa kawaida ndani ya miezi 36, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaruhusu hatua hadi kufutiwa miliki. Sharti hili husomwa na wachache na husimamiwa kwa ulegevu. Kwa maoni yangu, lisimamiwe sawasawa, na malipo ya kiwanja yaruhusiwe kwa awamu, ili mwalimu, muuza mboga na bodaboda waingie kabla ya mwenye fedha za kuhifadhi.

Kuhusu wenye mashamba, sheria inataka fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Si mazao peke yake yanayohesabiwa: imo thamani ya ardhi, imo posho ya usumbufu, ya usafiri na ya makazi, pia faida iliyopotea kwa anayestahili. Ikipita miezi 6 tangu uthamini uidhinishwe bila kulipwa, mlipaji hudaiwa riba. Kwa hiyo, msitie saini karatasi ya uthamini kabla ya kusomewa na kuelewa kila mstari, na mwombe nakala. Asiyejua kusoma aje na mtu anayemwamini.

Maswali yaanzie kwa Mtendaji wa Kata. Afisa Ardhi tunaye hapa leo, na ameahidi kubaki hadi swali la mwisho.