Wodi Yenye Hofu Haiponyi



Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 12, tunasimuliwa habari za Rehoboamu, mwana wa Solomoni. Alipotwaa kiti cha baba yake, watu walimjia na ombi moja tu: nira waliyotwishwa ilikuwa nzito mno, aipunguze, nao watamtumikia. Wazee walimshauri awajibu kwa upole. Vijana aliokua pamoja nao walimshauri aoneshe ukali. Rehoboamu akawasikiliza vijana, akawaahidi watu mzigo mzito kuliko ule wa kwanza. Makabila kumi yakamwacha siku ile. Ufalme ambao babu yake Daudi aliujenga kwa miaka mingi ulipasuka kwa jibu la asubuhi moja.

Nimemkumbuka Rehoboamu kwa sababu leo napenda tutafakari juu ya nyumba ambazo wengi wetu tumezaliwa humo, na ambazo wengi wetu tutafia humo, yaani hospitali. Humo pia mna watawala na watawaliwa. Humo pia mna nira. Na mkubwa wa hospitali anapotawala kwa vitisho, atakayeumia mwisho ni mtu asiyekuwapo katika ugomvi wao: mgonjwa aliyelala kitandani.

Hebu niwasimulie jambo lililotokea mbali na kwetu, katika mji wa Stafford, nchini Uingereza. Nalichagua kwa sababu lilichunguzwa hadharani kwa miaka mingi, na hakuna anayeweza kusema ni uvumi.

Kati ya mwaka 2005 na 2009, hospitali ya mji huo ilikuwa chini ya viongozi waliotamani sana kupandishwa daraja na serikali. Ili kulipata daraja hilo, iliwapasa kuonesha hesabu safi za fedha. Katika mwaka wa 2006 walikusudia kubana matumizi kwa paundi milioni 10, wakapunguza nafasi za kazi zaidi ya 150. Katika idara ya dharura palikuwa na agizo kwamba mgonjwa asikae zaidi ya saa nne kabla ya kulazwa au kuruhusiwa. Agizo lenyewe halikuwa baya; lilikusudiwa kumsaidia mgonjwa. Lakini waliopaswa kulitimiza walikuwa wachache, na aliyeshindwa aliogopa kufukuzwa. Basi wengine wakaanza kuandika saa za uongo katika karatasi.

Muuguzi mmoja wa idara hiyo, Helene Donnelly, alikataa kunyamaza. Alitoa taarifa kwa wakubwa wake. Malipo yake yakawa vitisho kutoka kwa wenzake wa kazi, hata akaogopa kutembea peke yake gizani kwenda kwenye gari lake baada ya zamu. Wakati huohuo, ndugu wa wagonjwa walieleza mambo ya kuhuzunisha: wazee walioachwa katika mashuka machafu, chakula kilichowekwa mahali ambapo mgonjwa hawezi kukifikia, watu wenye kiu waliokunywa maji ya vyombo vya maua. Mama mmoja mwenye mkahawa, Julie Bailey, alifiwa na mama yake katika hospitali hiyo mwaka 2007. Akawakusanya waliofiwa wenzake wadai uchunguzi. Baadhi ya watu wa mji walimchukia na kumtukana, wakidhani anataka hospitali yao ifungwe, hata mwishowe akahama.

Mwanasheria Robert Francis aliongoza uchunguzi, akatoa ripoti ya kwanza mwaka 2010 na ya pili mwezi Februari 2013, yenye mapendekezo 290. Alichokiona ni hiki: viongozi walizitazama namba na fedha kuliko wagonjwa, wafanyakazi walikuwa na hofu na kunyanyaswa, madaktari wengi walikuwa wamejitenga na uongozi, na watu walikuwa wameuzoea ubovu hata hawakuuona tena.

Ndugu zangu, ukali wa namna hii huzaliwa wapi? Si rahisi kusema kwamba mkubwa fulani ana roho mbaya, kisha tukafunga daftari. Mara nyingi huanzia juu na kushuka kama maji ya paa bovu. Mwenye fedha humbana mkurugenzi. Mkurugenzi humkaripia mganga mkuu. Mganga mkuu humfokea muuguzi mkuu. Naye huwashukia wauguzi wa zamu. Muuguzi wa zamu ana nani wa kumshukia? Ana mama mjamzito anayelia kwa uchungu. Kila mmoja katika ngazi hiyo akiulizwa, atasema kwamba naye amekaripiwa.

Sababu ya pili ni uhaba wa watu. Muuguzi mmoja anapoachiwa wagonjwa wanaohitaji wauguzi wanne, kazi haiwezi kukamilika hata awe malaika. Kiongozi asiye na watu wa kuongeza wala ujasiri wa kukiri upungufu huo kwa wakubwa wake, huziba pengo kwa makelele.

Sababu ya tatu ni mapokeo mabaya. Tunampandisha mtu cheo kwa kuwa ni hodari wa kupasua au kuhudumia, lakini hatumfundishi kuongoza. Basi anaongoza kama alivyoongozwa. Alipokuwa mwanafunzi alifokewa mbele ya wagonjwa, naye sasa anafoka, akiamini kwamba ndivyo wauguzi wanavyokomazwa.

Na matokeo yake je? La kwanza ni kwamba ukweli unakimbia. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Katika miaka ya 1990 mtafiti wa Marekani, Amy Edmondson, alichunguza makosa ya kutoa dawa katika wodi za hospitali. Alitazamia kwamba wodi zenye uongozi mzuri zingekuwa na taarifa chache za makosa. Akakuta kinyume chake: ndizo zilizokuwa na taarifa nyingi zaidi. Alipochunguza sababu, aliona kwamba katika wodi hizo watu hawakuogopa kusema wamekosea, na kwa hiyo makosa yalijulikana na kurekebishwa. Katika wodi za hofu daftari lilikuwa safi, lakini usafi huo ulikuwa wa karatasi tu. Ewe kiongozi unayejisifu kwamba kwako hakuna makosa, jiulize kwanza kama kwako kuna mtu anayethubutu kukuambia.

La pili, akili ya mtumishi inafifia. Mwaka 2015 watafiti wa Israeli walichapisha jaribio walilofanya kwa vikundi 24 vya madaktari na wauguzi wa watoto wachanga. Walipewa mfano wa mtoto njiti aliyezidiwa ghafla, wamtibu. Baadhi ya vikundi vilisikilizishwa kwanza maneno ya dharau kutoka kwa mtu aliyejitambulisha kuwa mtaalamu mgeni. Vikundi hivyo vilifanya vibaya zaidi katika kuutambua ugonjwa na katika kutibu, kwa kuwa watu walipunguza kuulizana na kusaidiana. Walitukanwa kidogo tu, tena na mgeni. Basi itakuwaje kwa anayetukanwa kila asubuhi na bosi wake?

La tatu, wema wanaondoka. Katika hospitali ya Bristol, Uingereza, daktari wa usingizi Stephen Bolsin aliona kwamba watoto wachanga waliopasuliwa moyo walikuwa wanakufa kupita kiasi. Alianza kueleza wasiwasi wake kwa maandishi mwaka 1990. Tume iliyotoa ripoti mwaka 2001 ilikadiria kwamba kati ya mwaka 1991 na 1995 walikufa watoto 30 hadi 35 wenye umri chini ya mwaka mmoja zaidi ya waliotazamiwa kufa katika hospitali za kawaida za namna hiyo. Daktari huyo alikwisha kuhamia Australia. Ndivyo ilivyo: aliyesema kweli alihama, na makaburi yakabaki.

Wapendwa, msidhani nawanyoshea kidole Waingereza. Wao angalau walijichunguza na kuyaandika. Nami ninayo yangu ya kuungama hadharani. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mjumbe wa bodi ya hospitali moja. Ilifika barua ya wauguzi, bila majina, ikisema kwamba kiongozi wao anawatukana mbele ya wagonjwa, anawanyima likizo kama adhabu, na anayelalamika hupangiwa zamu za usiku mfululizo. Tuliisoma kwa dakika chache. Mmoja wetu akasema, barua isiyo na jina ni uchochezi. Mimi niliitikia kwa kichwa. Kiongozi yule alikuwa mchapakazi, hesabu zake zilikuwa sawa, na mapadre tulipofika alitupokea vizuri.

Haukupita mwaka, wauguzi watatu wa leba wakaacha kazi. Usiku leba ikabaki na muuguzi mmoja. Siku moja nilikwenda kumpa mgonjwa Mpako Mtakatifu, nikamkuta muuguzi huyo amekaa kwenye benchi la ukumbini, amejifunika uso kwa mikono. Nilimuuliza kuna nini. Akanijibu kwa heshima, “Padre, tuliwaandikia.” Hakuongeza neno. Nami sikuwa na neno. Ndipo nilipoelewa kwa nini barua ile haikuwa na majina. Wao walitujua sisi kuliko tulivyojijua wenyewe.

Injili inatuambia nini? Mnakumbuka siku ile wana wa Zebedayo walipotaka kuketi kuume na kushoto kwa Bwana. Wenzao kumi walikasirika, labda kwa sababu nao walizitaka nafasi zilezile. Bwana akawaita wote, akawaonesha jinsi wakubwa wa mataifa wanavyowakandamiza walio chini yao, akawakataza kabisa kufuata desturi hiyo: anayetaka kuwa wa kwanza awe mtumishi wa wote. Usiku wa mwisho akachukua beseni na taulo. Wauguzi wanavijua vyombo hivyo kuliko sisi wahubiri. Kazi yao ya kila siku ndiyo kazi aliyoichagua Bwana kuwa kielelezo cha uongozi.

Lakini tuelewane. Sisemi kiongozi asikemee. Muuguzi anayelala zamu, anayeiba dawa, anayemtukana mama katika leba, anapaswa kuwajibishwa, na kunyanyaswa kwake na bosi si ruhusa ya kumnyanyasa mgonjwa. Tofauti ya kuonya na kudhalilisha i wazi. Anayeonya humwita mtu kando, humtajia kosa alilolitenda, humsikiliza, humwonesha njia ya kujirekebisha. Anayedhalilisha huchagua hadhara, huacha kosa na kumshambulia mtu mwenyewe, ukoo wake na elimu yake, na kesho hurudia tena hata pasipo kosa. Wa kwanza anajenga hospitali. Wa pili anaibomoa huku akiitwa hodari.

Tufanye nini basi? Ninyi viongozi wa hospitali na zahanati, mkipewa malengo msiyoweza kuyatimiza kwa watu mlio nao, semeni hivyo kwa waliowatuma. Ni afadhali kukaripiwa kwa ukweli kuliko kusifiwa kwa karatasi za uongo. Ninyi wajumbe wa bodi, mkitembelea hospitali msiishie ofisini kunywa chai. Ingieni wodini, tena usiku, mkaulize: mko wangapi zamu hii? Nani ameacha kazi mwaka huu, na kwa nini? Mtu akikosea hapa, anamwambia nani? Na barua isiyo na jina isitupwe; ulizeni kwanza ni hofu gani iliyolificha jina.

Ninyi watumishi wa afya, simameni pamoja. Sauti ya mmoja huzimwa kwa uhamisho. Sauti ya wengi, yenye adabu na ushahidi wa tarehe na matukio, ni vigumu kuizima. Wala msimtenge mwenzenu aliyesema kweli. Helene Donnelly alitishwa na wafanyakazi wenzake, si na wakubwa tu. Fahamuni pia kwamba ulimwengu umeanza kuamka: mwaka 2019 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 190 dhidi ya ukatili na unyanyasaji kazini. Na Uingereza, baada ya yale ya Stafford, ilitunga sheria mwaka 2014 inayozitaka hospitali kumweleza mgonjwa ukweli anapodhurika katika matibabu. Mwaka huohuo muuguzi yule aliyeogopa giza alitunukiwa nishani na Malkia.

Nanyi makatekista na waamini wote, mnapofika hospitali kuona wagonjwa, msimrukie muuguzi kwa matusi. Huenda nira yake ameshatwishwa kabla hujafika. Mshukuru anapotenda vema. Anapokosea, peleka lalamiko mahali pake kwa utulivu na ukweli.

Nimalizie kwa Mtakatifu Kamili wa Lellis, msimamizi wa wagonjwa na wauguzi, aliyezaliwa Italia mwaka 1550. Alikuwa askari, mcheza kamari, na mguu wake ulikuwa na kidonda kisichopona. Hospitali moja ya Roma ilimpokea, kisha ikamfukuza kwa ugomvi wake. Baada ya kuongoka alirudi palepale, na mwishowe akawa msimamizi wa hospitali hiyohiyo. Aliona jinsi watumishi wa mshahara walivyowatelekeza wagonjwa. Akawakusanya wenzake, akawafundisha kumhudumia mgonjwa kama mama amhudumiavyo mwanawe wa pekee, naye mwenyewe akawa wa kwanza kuinama kando ya kitanda.

Rehoboamu aliulizwa swali moja, akajibu vibaya. Wiki hii, kila mmoja wetu aliye na mtu chini yake, hospitalini, shuleni, parokiani au nyumbani, ataulizwa swali hilohilo: je, utaipunguza nira? Tumwombe Mungu tusijibu kwa haraka.

Ee Bwana, uliyeshika beseni na taulo, uwape wanaoongoza nyumba za wagonjwa moyo wa utumishi, na wanaohudumia uwape ujasiri wa kusema kweli, ili wanaoteseka wapate faraja. Amina.