Tope la Maji Nalo Liingie Daftarini

(Hotuba ya Mweka Hazina kwenye Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Sisi wa hazina tumezoea kusimama mbele yenu kusoma mapato na matumizi. Leo tunaanza na kosa letu. Tulipochanga kujenga tangi na chujio la mchanga, tulitunza risiti ya kila mfuko wa saruji. Lakini hatukuandika hata siku moja maji yanayotoka bombani yana tope kiasi gani. Masika yakianza, mama zetu husema maji yamechafuka, fundi husema yako sawa, na hakuna wa kuthibitisha. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa nini tope? Chembe za udongo huwaficha vijidudu na kupunguza nguvu ya klorini. Tope hupimwa kwa NTU. Shirika la Afya Duniani linashauri maji yanayotiwa dawa yawe chini ya NTU 1 inapowezekana, na kwa miradi midogo kama wetu yasizidi NTU 5. Jicho la mtu huanza kuona ukungu kwenye NTU 4 hivi. Kwa hiyo glasi inayong'aa si ushahidi.

Kifaa tunachokiombea mchango kinashikika mkononi. Hupitisha mwanga kwenye kichupa cha maji; chembe huutawanya, na kihisi kilichowekwa ubavuni, kwa nyuzi 90, hupima mwanga uliotawanyika. Tope likiongezeka, namba hupanda. Kama mizani ya dukani, nacho hukaguliwa kila mara, kwa kimiminika ambacho tope lake linajulikana.

Mtoni tutatumia simu ambazo vijana wetu wanazo tayari. Programu ya HydroColor hutaka picha tatu: ya kadi ya kijivu, ya anga na ya maji, kisha hukadiria tope. Haifai kwa maji ya kwenye glasi, lakini itatusaidia kujua ni kijito kipi kinaleta udongo baada ya mvua.

Hapa tuseme ukweli: udongo huo ni wa mashamba yetu. Mwaka 1955 wazee wetu wa Matombo walikataa matuta ya ngazi waliyolazimishwa na serikali ya kikoloni. Nasi hatuji kumlazimisha mtu. Tunataka namba zibandikwe pale bombani, kila mwenye shamba ajionee. Na sisi tulioko Dar es Salaam tusijitoe, maana maji ya Ruvu tunayokunywa yanatoka milima hiyo hiyo ya Uluguru.

Tahadhari moja: kifaa hiki hakioni vijidudu. Namba ikiwa nzuri, bado tutachemsha maji au kuyatia dawa, na sampuli zitaendelea kwenda maabara.

Tunaomba mchango wa kifaa kimoja, kimiminika cha kukikagulia, kadi ya kijivu na daftari. Mwakani tutasoma ukurasa wa tope kabla ya ukurasa wa fedha. Chujio likiwa halifanyi kazi, mtalisikia kutoka kwetu sisi wenyewe.

Fomu za ahadi mnazo mikononi.